Ua wa Nyumba na Bwawa la Kuogelea katika Nyanda Kame za Kati: Uchambuzi wa Vigezo vya Ufaafu Mkoani Dodoma

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Tanzania Dodoma ulifikiwa mwaka 1973, lakini utekelezaji wake ulishika kasi kuanzia mwaka 2016, na mji ambao kwa miongo mingi ulikua polepole ukapokea wizara, taasisi na maelfu ya familia kwa muda mfupi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika Manispaa ya Dodoma, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu wakazi 765,179 katika eneo hilo hilo, ambalo tangu tarehe 26 Aprili 2018 lina hadhi ya jiji. Pamoja na ongezeko hilo yamekuja makazi mapya yenye viwanja vikubwa kuliko vile vya mitaa ya zamani, na bwawa la kuogelea, ambalo hapo awali lilihusishwa zaidi na hoteli, limeanza kuonekana katika michoro ya nyumba za watu binafsi. Swali la kama ua wa nyumba unafaa kujengwa bwawa kwa hiyo si swali la anasa peke yake, kwa kuwa linagusa maji ya mji mzima, udongo usiotabirika, na usalama wa watoto wanaoishi ndani ya uzio na nje yake.

Kwa kawaida swali hilo hujibiwa kwa futikamba: mwenye nyumba hupima nafasi iliyobaki nyuma ya jengo na, ikitosha urefu na upana wa bwawa alilolitamani, huita fundi. Uchambuzi huu unatetea msimamo tofauti, kwamba katika nyanda za kati nafasi ndiyo kigezo chepesi kuliko vyote, na kwamba ua hauwezi kuamuliwa kuwa unafaa mpaka uwe umechunguzwa katika majira mawili: mwishoni mwa kiangazi, ambapo maji yamepungua na ardhi imekauka, na katikati ya masika, ambapo udongo umevimba na mikondo ya maji imejionyesha. Ua unaofaulu mtihani wa majira mamoja ukafeli wa pili haufai, au unafaa kwa bwawa la aina nyingine kabisa.

Fundisho la Kongwa

Mkoa wa Dodoma una mfano wa kihistoria unaoonyesha gharama ya kuihukumu ardhi kwa kuitazama mara moja. Katikati ya mwaka 1946, tume iliyoongozwa na John Wakefield ilitumwa na serikali ya Uingereza kutafuta maeneo ya kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki na Kati. Kazi hiyo ilichukua muda wa wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi ilitazamwa kutoka angani. Mpango uliotokana na tume hiyo ulilenga ekari zaidi ya milioni tatu, na Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma, ikawa kituo chake cha kwanza. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi mwingi, ulifyekwa na kulimika mvua iliponyesha, lakini ulipokauka uligeuka mgumu kiasi cha kuharibu zana na kuzuia uvunaji wa karanga zilizokuwa ardhini, huku mvua nazo zikiwa pungufu kuliko ilivyotarajiwa. Mpango ulifutwa mwezi Januari 1951, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36 za wakati huo.

Tofauti ya ukubwa kati ya mashamba ya Kongwa na ua wa nyumba moja ni kubwa mno, lakini kosa linalowezekana ni lile lile. Ardhi ya nyanda hizi hubadilika tabia kutoka majira hadi majira, na anayeipima katika hali moja huwa amepima nusu tu ya ukweli wake.

Hesabu ya maji

Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, ambayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Upande wa pili wa mizania ni uvukizi, yaani kiasi cha maji kinachogeuka mvuke na kupotelea hewani kutoka katika uso wa maji ulio wazi. Kwa sababu ya jua kali, hewa kavu na upepo, kiasi hicho hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Kila bwawa lililo wazi katika eneo hili kwa hiyo hudaiwa na mbingu zaidi ya mara tatu ya kile linachopewa na mbingu hiyo hiyo, na tofauti yake lazima ilipwe na mwenye nyumba.

Ukubwa wa deni hilo huonekana vizuri kwa hesabu ya bwawa la kawaida la nyumbani lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5. Bwawa hilo hubeba mita za ujazo 48, sawa na lita 48,000, na uso wake una mita za mraba 32. Ikichukuliwa kwamba maji hupungua kwa milimita 6 kila siku katika miezi saba ya ukame, kuanzia Mei hadi Novemba, bwawa litapoteza takriban lita 192 kwa siku, na jumla ya lita 41,000 kwa kiangazi kizima. Katika miezi mitano ya mvua upotevu hushuka na mvua hurudisha sehemu kubwa yake, hivyo pengo lake halizidi sana lita 6,000. Jumla ya mwaka ni karibu lita 47,000: ni kana kwamba bwawa lote hunywewa na hewa mara moja kila mwaka, hata kama halivuji tone. Juu ya kiasi hicho yapo maji ya kuosha chujio, ambayo husukumwa kinyume ndani ya mtungi wa mchanga ili kutoa uchafu ulionaswa, na ambayo kila mara hugharimu lita mia kadhaa.

Takwimu hizi hupata uzito wake halisi zinapolinganishwa na mahitaji ya watu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku katika maeneo ya vijijini, na kituo cha maji kisichozidi mita 400 kutoka katika makazi. Lita 192 ambazo bwawa moja lililo wazi hupoteza kwa siku moja ya kiangazi ni mgawo wa watu zaidi ya saba kwa kiwango hicho. Ulinganisho huu haulengi kumtia mwenye nyumba hatiani, bali kuonyesha kwamba chanzo cha maji ni sehemu ya ufaafu wa ua kwa kiwango kile kile kama udongo wake.

Maji yatoke wapi?

Kwa miaka mingi chanzo kikuu cha maji ya mji kimekuwa visima virefu vya bonde la Makutupora, takriban kilomita 30 kaskazini ya mji, vinavyoendeshwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma, DUWASA. Bonde hilo ni miongoni mwa maeneo machache barani Afrika yenye kumbukumbu ndefu za usawa wa maji ya chini ya ardhi, zilizoanza katika miaka ya 1950. Uchambuzi wa kumbukumbu hizo uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change ulionyesha kuwa maji ya Makutupora hayajazwi kwa usawa kila mwaka: hujazwa hasa na misimu michache ya mvua zilizopita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na katika miaka ya katikati usawa wake hushuka kadiri maji yanavyopampiwa. Maana yake ni kwamba maji yanayotolewa leo huenda ni akiba ya mvua iliyonyesha miaka kadhaa iliyopita, na mji unaopanuka unatumia akiba ambayo tarehe ya kujazwa kwake haijulikani.

Katika hali hiyo mgao wa maji, yaani utaratibu wa mitaa kupata maji kwa zamu, haupaswi kuchukuliwa kuwa usumbufu wa muda. Kipimo cha kwanza cha ua ni kuandika, kwa wiki kadhaa za Septemba na Oktoba, ni siku ngapi bomba linatoa maji, kwa saa ngapi, na matangi ya nyumba hubaki na kiasi gani kabla ya zamu inayofuata. Nyumba ambayo katika kipindi hicho hununua maji ya boza kwa ajili ya kupikia na kufulia haina msingi wa kumiliki bwawa lililo wazi, hata ua wake uwe mpana kiasi gani.

Wengine hutegemea kisima chao wenyewe, lakini kisima nacho kina masharti. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imeyaweka maji ya chini ya ardhi chini ya usimamizi wa umma, na kisima kirefu huhitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika, ambayo kwa Dodoma ni ile ya Wami/Ruvu au ya Bonde la Kati kutegemea upande ulipo. Zaidi ya sheria kuna jiolojia: sehemu kubwa ya mkoa imekaa juu ya mwamba mkongwe wa granaiti na naisi, ambao hauna nafasi za kuhifadhi maji isipokuwa pale ulipooza au kupasuka, kwa hiyo kisima kimoja huweza kupata maji mengi na kingine, umbali mfupi kutoka hapo, kikakauka.

Chanzo kinachosahaulika ni paa. Paa lenye eneo la mita za mraba 150, likipata mvua ya milimita 570 na likipoteza sehemu moja ya tano kwa michirizi na maji ya mwanzo yanayomwagwa pamoja na vumbi, hukusanya takriban lita 68,000 kwa mwaka, kiasi kinachozidi deni lote la uvukizi la bwawa lililotajwa. Tatizo lake ni wakati, kwa kuwa maji hayo huja yote ndani ya miezi mitano na kuhitajika katika miezi saba inayofuata. Ili yafae, ua lazima uwe na nafasi ya tangi la chini ya ardhi au simtanki zenye uwezo wa lita 40,000 hivi, yaani nne za lita 10,000 kila moja. Bwawa likifunikwa kwa kifuniko cha plastiki saa zote ambazo hakuna anayeogelea, upotevu huweza kupungua kwa nusu au zaidi, na mahitaji ya hifadhi yakashuka kwa kadiri hiyo. Hapa ndipo upana wa ua unapopata maana yake sahihi: nafasi ya kuhesabiwa ni ya bwawa pamoja na matangi yatakayolilisha.

Ubora wa maji una uzito sawa na wingi wake. Maji ya visima vya nyanda za kati kwa kawaida ni magumu, yaani yana chumvi nyingi za kalisi na magnesi, na mengine yana ladha ya wazi ya chumvi. Maji yanapovukiza hayaondoki na chumvi zake, na kila ndoo ya kujazia huongeza chumvi mpya juu ya zile zilizobaki. Kwa kuwa bwawa lisilofunikwa huvukiza na kujazwa upya karibu mara moja kwa mwaka, chumvi zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya miezi kumi na miwili, na matokeo yake ni utando mweupe wa chokaa kwenye vigae, mabomba yanayozibika na chujio linaloganda. Maji ya paa, ambayo karibu hayana chumvi, hupunguza tatizo hilo, ingawa nayo yakitumika peke yake ni laini mno na hula plasta ya saruji taratibu. Kwa hiyo mchanganyiko wa vyanzo viwili ni bora kuliko kutegemea kimoja. Sampuli ya maji ya kila chanzo inapaswa kupelekwa maabara kabla ya zege kumwagwa, si baada ya vigae kubadilika rangi.

Udongo na mwamba

Kipimo cha pili ni kile kilicho chini ya miguu. Udongo wa Dodoma hubadilika kwa mpangilio unaofuata mwinuko: karibu na vilima vya mawe, kama Mlimwa, mwamba huwa karibu na uso wa ardhi, kwenye miteremko hupatikana udongo mwekundu wenye mchanganyiko wa kichanga na mfinyanzi, na katika mabonde yaliyo tambarare hukaa udongo mweusi wa mbuga, ambao ni mfinyanzi unaovimba unapolowa na kusinyaa unapokauka mpaka ukaacha nyufa za kuingiza mkono. Viwanja viwili vya mtaa mmoja vyaweza kuwa katika tabaka mbili tofauti, na kwa sababu hiyo ushahidi wa jirani hautoshi.

Udongo mwekundu ulioshikamana ndio rafiki wa bwawa, kwa kuwa hukatika vizuri, husimama wakati wa kuchimba na haubadiliki sana ujazo wake. Udongo wa mbuga ni adui, lakini si kwa sababu ambayo wengi huifikiri. Bwawa halididimii kwa uzito wa maji, maana mita ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, ilhali udongo ulioondolewa ulikuwa na uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Ardhi kwa kweli imepunguziwa mzigo. Hatari ni mwendo usio sawa: upande wa bwawa unaopata maji ya kumwagilia bustani huvimba, upande wa pili ulio juani husinyaa, na ukuta uliofungwa kati ya nguvu hizo mbili hupasuka. Ufa huo huvujisha maji, maji huvimbisha udongo zaidi, na uharibifu hujilisha wenyewe.

Njia ya kuaminika ni kuchimba shimo la majaribio lenye kina kinachozidi kina cha bwawa kwa angalau nusu mita, na katika ua mkubwa kuchimba mashimo mawili katika pembe zinazokabiliana. Kila tabaka huandikwa rangi na unene wake. Bonge la udongo mbichi hufinyangwa kuwa utepe kati ya kidole gumba na cha shahada, na utepe mrefu usiokatika huonyesha mfinyanzi mwingi. Kisha kipande kilichopimwa kikiwa kimelowa huachwa kikauke na kupimwa tena ili kuona kimesinyaa kiasi gani. Majaribio haya ya mkono hayachukui nafasi ya maabara ya udongo wala ya mhandisi aliyesajiliwa, lakini yanatosha kumwambia mwenye nyumba kama suala lake linahitaji gharama hizo au linapaswa kuishia hapo.

Shimo hilo hufichua mambo mengine matatu. La kwanza ni kifusi, yaani udongo uliomwagwa na watu kusawazisha kiwanja, ambao, tofauti na udongo wa asili, unaweza kudidimia hata kwa mzigo mdogo. La pili ni mapango ya mchwa, kwa kuwa kichuguu kilichobomolewa wakati wa kusafisha kiwanja huacha vyumba na mifereji chini ya ardhi, na vilevile mashimo ya vyoo vya zamani yaliyofukiwa bila kushindiliwa. La tatu ni mwamba: granaiti ikipatikana kwa kina cha nusu mita, uchimbaji kwa mikono hauwezekani na ulipuaji katikati ya makazi haufai, hivyo chaguo linabaki bwawa lililoinuliwa juu ya ardhi au kuachana na mpango.

Mwisho wa suala la ardhi ni matetemeko. Dodoma iko karibu na tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na mitetemo midogo na ya wastani hutokea. Kuta za tofali zisizo na nondo, ambazo hutumika mara nyingi kupunguza gharama, hazivumilii mtikisiko ukiongezwa kwenye msukumo wa maji, kwa hiyo zege lenye nondo linapaswa kuchukuliwa kuwa sharti la kawaida.

Mvua inapofika

Ukame wa nyanda za kati huwadanganya watu kuhusu mafuriko. Mvua ni chache, lakini hunyesha kwa nguvu juu ya ardhi iliyo wazi, na maji hukimbia juu ya uso kabla ya kuzama. Mmomonyoko wa udongo wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo la milima iliyoharibika zaidi ili majani yaote tena. Ua ulio chini ya mteremko hupokea tope, takataka na mbolea za viwanja vyote vilivyo juu yake, na dhoruba moja ya Januari huweza kujaza bwawa tope ambalo chujio haliwezi kulimudu.

Kwa sababu hiyo ua unapaswa kutazamwa mvua inaponyesha na saa moja baadaye. Mikondo ya maji huwekewa alama za vijiti, mahali maji yanapotuama huchorwa, na shimo la majaribio, likiwa limezungushiwa uzio salama, hukaguliwa kuona kama maji yamepanda ndani yake. Jambo hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Ganda la zege la bwawa la mfano uliotolewa, likiwa na unene wa sentimita 20, lina uzito wa takriban tani 35 juu ya sakafu ya mita za mraba 37; maji ya chini ya ardhi yakipanda kiasi cha mita moja tu juu ya sakafu hiyo wakati bwawa ni tupu, msukumo wake kuelekea juu huweza kulingana na uzito wote wa zege, na ganda likainuka kutoka mahali pake. Katika ua ambao shimo hujaa maji wakati wa masika, bwawa halipaswi kutolewa maji katika miezi hiyo, na mfereji wa kokoto wa kuondoa maji chini ya sakafu ni lazima.

Jua, upepo na miti

Katika mambo ya hewa ua wa Dodoma una faida na hasara. Jua ni la uhakika, lakini usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na maji yasiyopashwa huwa baridi kwa waogeleaji wengi, hivyo matumizi ya kweli hujikusanya kati ya Septemba na Machi. Pepo kavu za kusini-mashariki huleta vumbi na kuongeza uvukizi, hasa katika miezi ya mwisho wa kiangazi, kwa hiyo eneo lililokingwa na jengo au ukuta upande huo lina thamani kubwa kuliko lile lililo wazi. Jua hilo hilo huvunja klorini, dawa inayoua vijidudu, na klorini isiyokingwa kwa asidi ya sianuriki huweza kupotea kwa sehemu kubwa ndani ya saa chache. Miti huweza kukata upepo, lakini miarobaini na mijohoro, inayopendwa sana mjini kwa kivuli, huangusha majani na kutuma mizizi mbali kufuata unyevu, na inahitaji kuachiwa nafasi ya mita kadhaa kutoka kwenye kuta za bwawa.

Majitaka, vibali na usalama

Nyumba nyingi za Dodoma hazijaunganishwa na mfumo wa majitaka wa mji, hivyo kila ua una karo na shimo la kunyonya. Bwawa linapaswa kuwekwa mbali na mashimo hayo na juu yake kimteremko, ili majitaka yasielekee kwenye ukuta wake. Maji yanayotoka katika bwawa nayo yanahitaji njia: yakimwagwa ndani ya karo huua bakteria wanaolisafisha, na yakimwagwa bustanini mara kwa mara huacha chumvi inayokausha mimea. Ua usio na mahali halali pa kupeleka maji hayo haujakamilisha sifa.

Kwa upande wa sheria, ujenzi katika eneo lililopangwa huhitaji kibali cha Halmashauri ya Jiji, ambayo ilirithi majukumu ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilipovunjwa mwaka 2017. Michoro inapaswa kuonyesha umbali wa bwawa kutoka mipaka, nyaya za umeme na mabomba ya umma, na mkandarasi anapaswa kuwa na usajili.

Usalama hauwezi kuachwa kuwa nyongeza ya mwisho. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuzama majini miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya watoto wadogo, na katika mji ambao watoto wengi hukua mbali na mito na bahari, wachache wamefundishwa kuogelea. Uzio wa kiwanja hautoshi, kwa sababu mtoto aliye hatarini zaidi huwa tayari yuko ndani yake. Kinachotakiwa ni uzio wa pili unaolizunguka bwawa pande zote nne, wenye kimo kisichopungua mita 1.2 na lango linalojifunga lenyewe, na ua usio na nafasi ya uzio huo haufai. Bwawa lililoachwa bila pampu na dawa hugeuka mazalia ya mbu, madhara ambayo huvuka ukuta na kumfikia jirani.

Namna ya kuamua

Vigezo vilivyochambuliwa havina uzito sawa, na kuvijumlisha kwa alama kungepotosha. Vitatu kati yake ni vya kukataza: maji ya kiangazi yasiyopatikana bila kupunguza matumizi ya lazima ya nyumba, udongo wa mbuga au kifusi usioweza kuondolewa wala kudhibitiwa kwa gharama inayobebeka, na ukosefu wa nafasi ya uzio wa ndani. Kimoja tu kikiwapo, jibu ni hapana. Vingine, kama upepo, miti, mteremko wa wastani, ugumu wa maji na mwamba ulio karibu, ni vya kurekebisha, na kila kimoja kina gharama inayoweza kukadiriwa kabla ya ujenzi. Mpangilio wa uchunguzi ufuate uzito huo: maji yapimwe kwanza kwa kuwa kuyapima hakugharimu chochote ila uangalifu, udongo upimwe wa pili, na mchoro wa bwawa uje mwisho.

Ua ambao haukufaulu haumnyimi mwenye nyumba kila kitu. Bwawa la watoto lenye ujazo wa lita elfu chache, lililofunikwa na kulishwa na paa, linawezekana pale ambapo bwawa kubwa haliwezekani. Majirani wa mtaa mmoja wanaweza kumiliki bwawa la pamoja, ambalo deni lake la uvukizi hugawanywa kwa familia nyingi na ambalo linaweza kuajiri mwalimu wa kuogelea na mlinzi wa maji. Halmashauri nayo ina nafasi ya kufanya hesabu hii kuwa desturi, kwa kumtaka kila mwombaji wa kibali aonyeshe tangi la maji ya mvua linalolingana na uso wa bwawa lake pamoja na kifuniko chake. Sharti la namna hiyo lingeyapa mabwawa yatakayojengwa msingi wa haki, kwa sababu katika mji unaoishi kwa akiba ya mvua za miaka iliyopita, bwawa linalostahili kibali ni lile linaloweza kuvuka kiangazi kwa maji liliyojiwekea lenyewe.